Baba Aliingia Bure

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama katikati ya barabara pana ya jiji, nimemshika baba mkono, na natakiwa kuchagua.

Kushoto kulikuwa na Makumbusho ya Ushindi. Kulia, Makumbusho ya Majonzi. Yote mawili ni ya vita, na yenyewe kwa yenyewe yalikuwa vitani, kwa hiyo mgeni aliyeingia moja hakuruhusiwa kukanyaga la pili. Hayo niliyajua bila kuambiwa, kama mtu anavyojua mambo ndotoni.

Niseme kwanza kwamba jijini tuko kweli. Tulitoka Tukuyu kuja kumwoza binamu yangu, na jana jioni nilimwambia baba kwamba kabla ya kupanda basi la kurudi lazima nimpeleke makumbusho. Baba yangu, mzee Ambakisye, alipigana Vita vya Kagera. Au sijui kama alipigana. Maisha yangu yote amesema maneno mawili tu kuhusu vita hivyo: "Tulikwenda, tukarudi." Niliamua kwamba safari hii atasema la tatu.

Basi ndotoni nikaenda kushoto, kwa sababu kulikuwa na ngazi chache na magoti ya baba ni mabovu.

Kwenye dirisha la tiketi umekaa mzinga wa vita. Umevaa miwani.

"Karibu, dada," unasema. "Tafadhali usisimame mbele yangu, nina mafua. Tiketi yako hii hapa."

"Na ya mzee?"

"Mzee anaingia bure. Vifaa vya vita havilipi."

Nikadhani ni utani wa kumheshimu mzee. Tulipoingia ndani nikageuka kumtafuta baba, nikamkuta yuko juu ya meza ya mawe, amepewa bunduki, na mwanamke mwenye brashi anamfuta vumbi masikioni. Bunduki ameishika kama mwavuli.

"Baba, shuka."

"Wamesema nisimame, mwanangu."

"Mpaka lini?"

Baba akamwangalia mwanamke wa brashi. "Mpaka lini, mama?"

"Milele," yule mama akasema kwa upole. "Lakini Jumatatu tunafunga."

Nikaanza kumvuta baba mguu. Kibao ukutani kikapiga kelele: "Usiguse!" Nikamvuta hivyo hivyo. Kibao kikaanza kulia.

Hapo likaingia buti moja la mguu wa kushoto, limelowa, linaruka-ruka. Lilikuwa limevuka barabara kutoka Makumbusho ya Majonzi kuja kudai haki yake.

"Huyu ni wetu," likasema. "Kwetu atakaa. Kwenu anasimamishwa, na magoti yake yale mabovu? Hamna utu."

Sikupita mlango wowote, ila tayari tuko kule. Ukumbi una giza na baridi. Baba amekaa kwenye kigoda, mbele yake wameweka ndoo.

"Atakuwa analia," buti likanieleza. "Si sana. Wageni wakija tu."

Baba akajaribu. Ni mtu wa kujitahidi, hapendi kumwangusha mwenyeji. Alikunja uso, akabana macho, hakikutoka kitu. Mwishowe akauliza kwa adabu, "Samahani, hamna kitunguu?"

Mzinga ukaja ukijikokota kwa magurudumu yake, ukapiga chafya, ukuta mmoja ukaondoka. Sasa makumbusho yote mawili yakawa ukumbi mmoja, na mstari mweupe umechorwa katikati, na kigoda cha baba kiko juu ya mstari.

"Dada, chagua," ukasema mzinga.

"Chagua, upesi," likasema buti. "Kisha uandike maelezo yake. Kisicho na maelezo hakionyeshwi."

Nikapewa kikadi cheupe na kalamu.

"Alifanya nini vitani?" wakauliza kwa pamoja.

Kalamu ikasimama. Mimi nafundisha historia kidato cha tatu. Ningeweza kuwatajia majenerali na mito. Baba yangu alifanya nini, sikujua.

"Andika *shujaa*," ukanong'ona mzinga. "Inatosha kwa kila mtu."

"Andika *mhanga*," likasema buti. "Hiyo nayo inatosha."

Nikamtazama baba. Alikuwa anaitazama ndoo, mikono imelala mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake ofisini. Hasira ikanipanda. Hawa walimtaka amesimama, na hawa walimtaka analia, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama amekula.

"Siandiki," nikasema.

"Lazima."

"Sijui alichofanya, na siandiki nisichokijua. Kwa hiyo hana maelezo. Kwa hiyo hawezi kuonyeshwa. Tunaondoka."

Wakatazamana. Mzinga ukavua miwani, ukaifuta, ukaivaa tena.

"Sawa," ukakiri. "Ila vifaa havitoki kwa miguu. Vinabebwa."

"Mimi kazi yangu ni kubeba," ikasema sauti kutoka kwenye kona.

Ni lori. La kijani, la zamani, taa moja imepasuka. Baba aliinuka kwenye kigoda bila kushika magoti.

"Wewe," akasema.

"Mimi," lori likajibu. "Umezeeka, Ambakisye."

"Na wewe taa yako."

Baba akapanda upande wa abiria. Nikamwambia mimi sijawahi kuendesha hata pikipiki. Akasema goti lake haliwezi klachi, na kwamba nimeshafika mbali mno kuanza kuogopa chuma. Nikapanda. Nikakanyaga alipoonyesha, tukapita katikati ya ukuta. Ukuta ukasema pole.

Nje si jiji tena. Ni barabara ya udongo mwekundu, mvua imenyesha, migomba huku na huku, na lori limejaa magunia.

"Tumebeba nini, Baba?"

"Maharage," akasema. "Ndiyo kazi niliyofanya. Nilibeba maharage ya wanajeshi."

Nilishika usukani kwa nguvu.

"Tulikuwa malori mawili," baba akaendelea, akiangalia kioo cha mbele. "Mwenzangu aliitwa Gervas Kihwele, wa Iringa. Siku moja ilikuwa zamu yangu kutangulia. Asubuhi tumbo likanishika. Gervas akasema, kaa nyuma leo, Mnyakyusa, utanichafulia barabara. Akacheka. Akatangulia. Bomu lilikuwa limefukiwa karibu na daraja."

Lori lilikuwa linasikiliza pia. Injini ilipunguza sauti.

"Maharage yalitapakaa barabara nzima. Watu mbele hawakuwa wamekula. Basi tukamfunika Gervas, tukapiga magoti, tukayaokota. Tukayaosha. Jioni yakapikwa, na mimi nikala, maana nilikuwa na njaa."

Nyumbani kwetu baba hali maharage. Tangu nikiwa mdogo mama alituambia ni vidonda vya tumbo.

"Baba," nikasema.

"Angalia mbele. Kilima hicho. Rudi gia ya pili."

Machozi yalikuwa yananizuia kuona. Nilikanyaga, nikavuta, chuma kikalia vibaya chini ya miguu yetu. Lori likasema "Aa!" kwa maumivu, likanguruma, likapanda. Nilikuwa nimeazimia kulifikisha juu. Tulifika juu.

Nikaamka.

Palikuwa pamepambazuka. Niko kitandani nyumba ya wageni, mguu wangu wa kushoto umenyooka kwenye ubao wa kitanda, msuli umekaza kama kamba. Kwenye kitanda cha pili baba alikuwa ameshaamka. Amekaa, anafunga viatu taratibu, macho mekundu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu," akasema, bila kuinua kichwa. "Umeendesha vizuri. Ila ile gia ya pili umeikwaruza."