Sekunde Tatu

Tulipoachana, mume wangu aliniachia kitanda, kabati na masufuria yote. Kitu kimoja tu alikataa katakata kukiacha: mashine yake. Tulikuwa tumenunua mbili kwenye mnada wa kiwanda kilichofungwa, kompyuta nzito kama mifuko ya saruji, za aina ambayo hata mafundi wenzetu huisikia tu. Yake ikaenda, yangu ikabaki mezani.

Kazi yetu ni kujaribu viraka, yaani marekebisho madogo ya programu. Anayetunza kiini cha mfumo wa kompyuta hizi, tunamwita Mzee wa Viraka, akirekebisha kitu hututumia kiraka ili tukijaribu kwenye mashine halisi, maana yeye hana. Kiraka hakipiti mpaka watu wawili waandike kwamba wamekijaribu. Kwa mashine hii tumebaki wawili: mimi na huyo mume wangu wa zamani. Miaka minne sasa, mstari wake chini ya wangu ndiyo salamu pekee ninayoipata. "Nimejaribu. Inafanya kazi." Basi. Nami nausoma kama mjinga, mara tatu, mara nne.

Jumamosi Mzee akatuma kiraka, akaandika kwamba hiki ndicho cha mwisho. Kikipita, hatatusumbua tena.

Nilikiweka. Mashine ikawaka vizuri, bila hata kukohoa. Nikiandika hivyo, ule mstari wake sitauona tena.

"Si umpigie simu tu?" dada yangu akasema, huku akikunja nguo.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba umemkumbuka, jamani! Kwani simu inauma?"

Nikaigeukia mashine. Niliandika uongo wangu wa kwanza kazini: "Inakwama sekunde tatu kabla ya skrini kuwaka." Kukiwa na kosa kitakuja kiraka kingine, na mstari mwingine. Nikatuma, uso ukiniwaka kwa aibu.

Jioni jibu la mume wangu wa zamani likaingia. Mtu huyu alibishana nami miaka tisa ya ndoa, hata kuhusu saa ya ukutani, na mashine zetu ni pacha. Nilijua ataniumbua.

"Kwangu pia. Sekunde tatu kamili."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Chini yake Mzee wa watu alikuwa ameahidi kulitafuta hilo kosa wiki nzima. Yeye nitamwomba radhi kesho. Nikachukua simu, nikampigia yule mbishi wangu. Iliita mara moja tu.

"Tatu ni chache," akasema, bila hata salamu. "Ningekuwa mimi ningesema kumi."

"Kumi nani angeamini?" nikamwambia, na tukaanza kubishana.