Mlango wa Mapacha

"Geuka," alisema mzee Osundwa. "Tukuone kutoka upande."

Mulongo aligeuka akatazama ukuta wa ofisi ya chifu. Nyuma yake alisikia kiti kikilia, mzee akikisogeza karibu. Huko Likuyani, kaskazini mwa Kakamega, mwaka huo wa 1994, miaka miwili baada ya Wabukusu na Wanandi kuchomeana nyumba na kukimbiana, hakuna kijana aliyepata kitambulisho kabla ya wazee watatu kumkagua na kutamka kwamba ni mtu wa hapo. Wazee wenyewe hawakuwa na daftari wala cheti cha kusoma. Walikuwa na macho yao tu, na macho hayo waliyaamini kupita kiasi.

Mfukoni mwa sketi Mulongo alikuwa na barua. Chuo cha uuguzi kilimtaka aripoti Jumatatu na kitambulisho, au fomu yake yenye muhuri, mkononi, la sivyo nafasi yake apewe mwingine. Leo ilikuwa Ijumaa.

"Pua nyembamba," Osundwa alisema. "Shingo ndefu. Na hiyo miguu, kazi yake ni kukimbia tu. Huyu ni Mnandi. Mimi siwezi kudanganywa, hao watu nimeishi nao."

"Baba yangu ni marehemu Were," Mulongo alisema. "Kaburi lake liko shambani kwetu. Mnalipita kila siku mkienda kisimani."

"Kaburi ni la Were, hatukatai. Sisi tunaulizanga, wewe ni wa nani?"

Wazee wenzake wawili walicheka. Chifu, aliyekuwa akichokonoa meno kwa kijiti, hakucheka. Yeye alitaka foleni iende.

Hapo Mukhwana, kaka yake, akasukuma mlango akaingia. Alikuwa ametoka humo ndani dakika tano tu kabla ya hapo. Alikuwa mfupi, mweusi, mwenye pua bapa na kifua kama gunia la mahindi; wazee walimtupia jicho moja wakampigia muhuri, wakamtania kwamba hata gizani angejulikana ni Mbukusu.

"Huyo ni pacha wangu," alisema. "Kwani majina yetu hamyasikii? Mimi nilitangulia, nikaitwa Mukhwana. Yeye akanifuata, akaitwa Mulongo. Kwetu nani mwingine hupewa majina hayo?"

Chifu alitoa kijiti kinywani. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Mulongo alipata matumaini. Ikiwa tumbo moja, siku moja, limezaa sura hizi mbili, basi hata mjinga angeona kwamba sura si shahidi wa kutegemewa.

Osundwa alifikiri kidogo. Kisha akatabasamu.

"Inawezekananga," alisema. "Mwanamke akienda na wanaume wawili, kila mmoja anaacha wake. Mukhwana ni wa Were. Huyu ni wa yule mwingine."

Mama yao, Nanjala, alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya mlango. Hakuitwa. Aliinuka akaingia, kitambaa cha kichwa kikiwa kimelegea, akasimama mbele ya meza.

"Osundwa," alisema, bila kumtangulizia neno "mzee". "Nilipozaa hawa nilifungiwa ndani nao, kama desturi inavyotaka, mpaka siku ya kufunguliwa mlango. Siku hiyo nani alikuja kucheza kwangu? Nani aliimba zile nyimbo za matusi wanazoimbiwa mapacha mpaka sauti ikakauka, akanywa busaa ya Were, akabebwa kwao hajijui? Mbona wakati huo hukusema mtoto mmoja ni wa Mnandi?"

Foleni nje iliangua kicheko. Nanjala alikuwa ameshinda, kila mtu alijua, na hilo ndilo lililomponza. Osundwa alikuwa ameaibishwa mbele ya watu; sasa hata angeletewa malaika ashuhudie asingekubali.

"Andika," alimwambia chifu. "Baba hajulikani."

Chifu akaandika. Kisha akamgeuzia Mulongo fomu, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Usijisumbue, binti. Weka sahihi hapo chini. Nitakuandikia barua kwa wenzako kule Nandi, kesho asubuhi wakushughulikie. Jumatatu utakuwa chuoni."

Mulongo alichukua kalamu. Aliiwaza ile sare nyeupe ya uuguzi ambayo tayari alikuwa ameiota mara nyingi. Alimtazama mama yake, mikono imemning'inia. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakapata moto. Aliyakata yale maneno mawili kwa nguvu, karatasi ikachanika kidogo, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: WERE.

"Jumatatu ipite," alisema. "Mimi baba ninaye."

Chifu akapiga muhuri: IMEKATALIWA.

Mukhwana aliweka fomu yake juu ya meza. "Kama yake imekataliwa, na yangu vilevile."

Chifu hakubishana. Akaipiga na hiyo muhuri uleule.

"Anayefuata!"

Aliyefuata alikuja kutafuta kitambulisho kipya, cha kwanza kiliungua na nyumba yake. Alikuwa mfupi, mweusi, mwenye pua bapa. Mulongo alimjua. Alikuwa Kipyegon, dereva wa trekta aliyewalimia msimu uliopita, mtu wa Nandi kwa baba na kwa mama. Macho yao yalikutana.

"Jina?"

"Titus," alisema. "Titus Nyongesa."

Nyongesa lilikuwa jina la Kibukusu; neno moja tu la Mulongo lingetosha kumuumbua. Osundwa hakumwambia hata ageuke.

"Huyu ni wetu," alisema. "Si mnaona?"

Muhuri ukagonga.

Mulongo aliikunja fomu yake, jina la baba likibaki juu, akamshika mama mkono, na wote watatu wakatembea mpaka mwisho wa foleni, wakasimama kungoja zamu yao upya. Kipyegon alipotoka aliwapita akiwa ameinamisha kichwa, akiipuliza karatasi yake ili wino ukauke.