Marumaru ya Nereida

Mjini Baní, kule Jamhuri ya Dominika, hakuna aliyethubutu kumwambia Nereida kwamba jikoni mwake mna uchafu, na kusema kweli hakukuwa na wa kuuona. Alikuwa mwanamke wa kufuta kitasa cha mlango mgeni akishakishika tu. Kuku akiingia nyumba ile alioshwa kwa danzi, yale machungwa machungu ya uani, akasuguliwa ndani na nje mpaka harufu yote imtoke. Kisha ganda lile lile la danzi lilipitishwa juu ya kaunta, na kazi ikawa imekwisha. Ndivyo alivyofanya mama yake, na bibi yake, na mtaa mzima. Sabuni ilikuwa ya nguo.

Bintiye, Yokasta, alipopata kazi nzuri mji mkuu, alimng'olea kaunta ya zamani ya saruji akamwekea ya marumaru nyeupe. Fundi alipomaliza kuifunga alimwonya, "Mama, hii usiiguse na danzi wala siki. Maji na sabuni tu."

Nereida alimpandisha na kumshusha kwa macho. "Mwanangu, mimi nimeosha kuku kabla mama yako hajavunja ungo. Kunywa kahawa yako uende."

Marumaru ile ilimpandisha kichwa. Alijiona amefika, na aliyelipia fahari hiyo ni wifi yake, Librada, mjane wa kaka yake Fermín. Librada alikuwa na meza ya mahogani aliyochongewa na mumewe mwaka waliooana. Juu yake alikata nyama, vitunguu, ndizi, kila kitu. Kila jioni aliisugua kwa sabuni na maji ya moto, na asubuhi akaiegemeza mlangoni ipigwe na jua. Nereida hakuyajali hayo. Tangu siku ya harusi hakuwahi kutia mdomoni kijiko cha chakula cha Librada.

"Njoo basi ule japo ukoko," Librada alikuwa akimbembeleza. "Leo umekauka vizuri, unalia kama biskuti."

"Nile juu ya ubao uliokunywa damu ya kuku miaka yote hii? Ubao unaficha, wifi. Jiwe haliwezi kuficha."

"Haya, malkia wa mawe. Nikija kwako nitavua viatu."

Watu walicheka, na Librada alicheka nao. Hata hivyo, kila akipika alimwekea wifi yake sahani pembeni, na kila jioni alikula sahani hiyo mwenyewe.

Miezi ilipita, marumaru ikaanza kupoteza mng'aro. Pale karibu na sinki palipauka, pakawa na vidoadoa. Nereida alidhani ni uchafu umeganda, akaongeza danzi.

Jumapili moja aliwaalika wote wawili, Yokasta na Librada. Alimkatakata kuku pale karibu na sinki, akapitisha ganda lake la danzi, kisha hapo hapo akakata maparachichi. Mwenyewe parachichi halipendi. Yokasta alikula vipande kadhaa. Librada, ambaye kwa parachichi hakuwa na aibu, alilamba na bakuli.

Usiku wake Yokasta aliharisha, mama yake akamwambia ni maembe. Kesho yake Librada alipelekwa hospitali hajitambui, macho yamezama. Kwa siku kadhaa hakuna aliyejua kama atarudi nyumbani. Nereida alikaa uani mwa hospitali pamoja na majirani, ana hofu ya kweli, maana hakumchukia wifi yake. Lakini hofu yake ilitokea mdomoni kwa njia yake ya siku zote.

"Ni ile meza," alimwambia kila aliyefika. "Nilisema mimi. Nilisema mpaka nikachoka."

Maneno yalitembea. Librada aliporudi, mwepesi kama kanga ya kichwani, alikuta jirani aliyekuwa akija kunywa kahawa sasa anasalimia kutoka barabarani. Mwishowe Librada naye aliamini ni meza, akaomba shoka. Aliipasua meza ya mumewe vipande, akaichoma uani, na mtaa ukamsifu kwa kusikia la mkuu. Nereida alimsifu kuliko wote.

Kisha Yokasta alikuja tena mwisho wa juma, akala kuku kwa parachichi, akaugua tena, safari hii vibaya zaidi. Alipopata nguvu za kusimama aliingia jikoni ameshika ukuta. Alipitisha kiganja juu ya marumaru.

"Mama, mbona inakwaruza kama ulimi wa paka? Unaisugua na nini?"

"Na danzi. Na nini kingine?"

Yokasta alimpigia fundi simu, akaiweka kwa sauti. Fundi hakuwa na kinyongo. Alieleza polepole kwamba ukali wa danzi unaila marumaru, unaitoboa vitundu ambavyo jicho halivioni, na maji ya kuku yanazama humo na bakteria wake. Danzi linaondoa harufu, basi. Bakteria linawaacha hai.

"Na ubao?" Nereida aliuliza. "Ubao wa mahogani?"

"Ukioshwa kwa sabuni na kukaushwa vizuri, mama? Hauna neno."

Alikaa chini. Librada wala hakuwa amepika Jumapili ile; alikuwa amekula hapa hapa, chakula kilichokatwa juu ya jiwe la Nereida, kwa mkono wa Nereida. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Jioni hiyo hiyo alipita nyumba kwa nyumba kusema kosa lilikuwa lake. Walimcheka. "Wewe Nereida? Mchafu wewe? Acha kumsitiri wifi yako, tunakujua moyo wako ulivyo mzuri." Hakuna hata mmoja aliyemwamini.

Ikabaki kwenda kwa Librada mwenyewe. Alimkuta amekaa mlangoni, mikono imemchubuka kwa kunawa. Nereida alimweleza yote, hakujipunguzia hata neno. Librada alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo meza ya Fermín haikuwa na kosa."

"Haikuwa na kosa, wifi. Kosa ni mimi."

Librada alitazama uani, kwenye doa jeusi la moto. "Nilipokuwa naipasua nililia sana. Nilimwomba Fermín radhi. Halafu nikajiambia, haidhuru, sasa Nereida hana kisingizio. Sasa atakuja kula kwangu."

Nereida alijifunika uso. Hasira aliyoitarajia angeiweza. Alikuja amejiandaa kutukanwa. Hili hakujiandaa nalo.

"Pika leo," alisema. "Pika chochote, nitakula. Wali mtupu. Ukoko."

Librada alimshika mkono kwa upole, akamwingiza ndani. Jikoni palikuwa patupu. Kulikuwa na jiko la gesi lisilowashwa siku nyingi, na mkate wa dukani ndani ya mfuko wake, umening'inizwa kwenye msumari.

"Sipiki tena, wifi," alisema. "Kila nikishika kisu naogopa chakula changu kitaua mtu."