Mwamba wa Mkunya

Siku kumi na tisa nilimnolea Gwakisa. Sikunoa panga, nilinoa keekee.

Keekee yenyewe ni ya mkono: chuma kirefu chenye meno chini, na juu mpini wa kushika kwa mikono miwili. Unaizungusha, inaipekecha ardhi, unaitoa na udongo wake, ndipo unajua umesimama juu ya nini. Miaka sita niliizungusha mimi, Sikuzani binti wa Lupaso, fundi sampuli katika ofisi ya Gwakisa ya ushauri wa jiolojia pale Masasi. Yeye ndiye mjiolojia mwenye muhuri. Mimi nilizungusha chuma, yeye alizungusha kiti.

Tenki la maji la kijiji cha Mkunya, huku juu Newala, lilianguka mwezi wa tatu, asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni na ndoo zao. Lilimuua Mama Anjelina. Kesho yake polisi wakamchukua kaka yangu Dadi, fundi aliyejenga nguzo za tenki lile, eti ameiba saruji. Dadi! Mtu akiazimwa msumari anaurudisha, tena ameunyoosha. Miezi mitatu yuko mahabusu Newala, mama yetu hali akashiba, na Gwakisa kwenye kila kikao anasema neno lile lile: ardhi ilikuwa imara, ubovu ni wa fundi.

Eti ardhi ilikuwa imara! Mimi ndiye niliyeipima. Pale ukingoni, kabla bonde halijaanza kushuka, nilipekecha mita kumi na mbili na zote zilikuwa mchanga mwekundu. Mchanga ule ukiwa mkavu unashikana vizuri, hata ukuta wa shimo husimama wenyewe. Ukilowa unaondoka na maji. Na tenki gani lisilovuja? Nikaandika lisogezwe ndani mita mia mbili, na msingi utanuliwe. Gwakisa hakukanyaga Mkunya hata siku moja. Mwisho wa mkataba wa mradi ulikuwa umekaribia, na kuhamisha tenki kulitaka michoro mipya. Akachukua ripoti ya tenki jingine, la Masasi mjini, akabadilisha jina la kijiji, akagonga muhuri. Ripoti ikasema Mkunya kuna mwamba mgumu kuanzia mita tatu na nusu.

Mtu wa huku angecheka mpaka alie. Masasi imezungukwa na majabali, mtoto anajikwaa akienda chooni. Huku juu Newala unachimba choo mpaka kamba iishe hujakutana na jiwe. Kokoto za kujengea zinapandishwa kwa lori. Anayetoka Masasi akitaka kumfurahisha mkwewe anamletea jiwe la kunolea panga, na mkwe anashukuru kweli kweli. Lakini waliopitisha ripoti ile walikuwa mbali, na karatasi yenye muhuri haiulizwi kabila.

Kamati ya uchunguzi, siku kumi na tisa baada ya kutangazwa, ilipokuja kukaa Mkunya, kwenye ofisi ya kata, nilitangulia na keekee yangu imefungwa kwenye kanga. Mwenyekiti alikuwa Mhandisi Wilhelmina, mama wa makamo, mkali, asiyependa hadithi. Kijiji kizima kilijaa madirishani. Gwakisa alisimama na suruali yake ya mstari akaeleza tena habari za saruji. Alipomaliza nikaomba kusema.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Sema."

"Sina maneno mengi, mama. Ripoti inasema mwamba uko mita tatu na nusu. Kigingi cha kipimo bado kipo. Twende, Bwana Gwakisa atuonyeshe mwamba wake."

Gwakisa akacheka. "Huyu ni dada wa mtuhumiwa, mheshimiwa. Akishika yeye chuma, atatuletea udongo anaoutaka."

"Ndiyo maana sitashika," nikasema. "Utazungusha wewe."

Mhandisi Wilhelmina alimtazama juu ya miwani. "Ripoti ni yako na muhuri ni wako. Twende."

Nilitandika turubai kando ya kigingi, hatua chache kutoka kwenye nguzo zilizolala. Kazi yetu ina taratibu zake: udongo wa kila mita unamwagwa chungu yake, kwa mpangilio, wa kwanza kushoto, ili hata asiyejua kusoma aisome ardhi kwa macho. Nikampa Gwakisa mpini.

Mita ya kwanza aliimaliza akiongea. Ya pili alinyamaza. Ya tatu alivua koti, akatafuta wa kumpokea, hakuna aliyenyoosha mkono. Nikaunga chuma kingine kurefusha keekee.

"Zungusha," nikamwambia.

Tatu na nusu ikapita kama kisu kwenye muhogo uliochemshwa. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti. Ya nne, mchanga mwekundu. Ya tano, mchanga mwekundu. Mzee mmoja akauliza kwa Kiswahili chake cha pole pole, "Mwanangu, mwamba wako umehama?" Wakacheka wote, kicheko kisicho na huruma, na mimi nilicheka kuliko wote. Viganja vya Gwakisa vilitoa malengelenge, yakapasuka, mpini ukalowa damu. Nilifurahi, sitaki kuficha. Kila tone nililihesabia usiku mmoja wa Dadi kwenye sakafu.

"Sikuzani," akaninong'oneza, "inatosha. Tafadhali, dada yangu."

"Zungusha."

Ya sita ilipomwagwa, nilitoa mfukoni jiwe la kunolea nililokuja nalo kutoka Masasi, nikaliweka mwisho wa mstari wa chungu zile. "Mwamba wote uliopo Mkunya leo ni huu hapa," nikasema, "na nimeuleta mimi kwa basi."

Mwenyekiti hakucheka. Alichuchumaa, akachukua mchanga, akauminya, akaumwagia maji kidogo ya chupa yake, ukamtoka katikati ya vidole. Akasimama. "Kamati itaandika kwamba kosa si la fundi. Kijana atoke. Na nitapendekeza kwamba kuanzia sasa hakuna tenki wala darasa litakalojengwa kwenye wilaya hii kabla turubai kama hili halijatandikwa mbele ya wenye kijiji."

Vigelegele vikapanda. Mama yangu alikaa chini palepale, akalia. Nilikuwa nimeshinda, na nilitaka kila mtu aondoke haraka.

Gwakisa alikuwa amekaa mchangani, viganja vimeangalia juu. Hakuinua hata kichwa. "Mheshimiwa," akasema, "fungua ukurasa wa mwisho."

Nilijua ukurasa ule upo. Siku zote kumi na tisa nilijua. Nilitegemea hasira za watu zimalizikie kwake.

Mhandisi Wilhelmina akasoma. "Hapa kuna sahihi ya fundi sampuli, anathibitisha vipimo. Ni ya nani?"

Pale ofisini tulikuwa na mazoea: Jumatatu tunasaini fomu tupu, rundo zima, ili Gwakisa asisubiri mtu arudi kutoka porini. Ningeweza kusema ameighushi. Nani angemwamini yeye saa ile? Kinywa kilikuwa kimeshafunguka. Kisha nikamwona Anjelina. Alisimama mbele kabisa, amejifunga kanga ya marehemu mama yake, bila vigelegele.

"Ni yangu," nikasema. "Nilisaini fomu tupu."

"Na ulijua lini walichoandika juu yake?" Aliyeuliza hakuwa mwenyekiti. Alikuwa Anjelina.

"Ilipochapwa. Niliiona mezani."

"Tenki lilikuwa limejengwa?"

Mama yangu aliacha kulia, akaniangalia.

"Bado," nikasema. "Hata msingi ulikuwa haujachimbwa. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa unaisha mwezi ule. Nikanyamaza."

Anjelina alikwenda kwenye turubai, akaliokota jiwe langu la Masasi, akalitia kwenye pindo la kanga. Kisha akauokota mpini kutoka miguuni mwa Gwakisa, akanikabidhi. Ulikuwa bado umelowa damu ya Gwakisa.

Nikavua viatu. Nikaunga chuma cha mita ya saba.

"Zungusha," akasema Anjelina.