Mguu Uliotokeza Darini

Theluji ya Januari ile ilianguka Jumatatu, na kufikia Jumanne asubuhi mapaa yote ya mtaa wetu yalikuwa meupe isipokuwa moja. Paa la Beverley Akroyd lilikuwa jeusi, vigae vinachuruzika maji kana kwamba ni masika. Mimi ni jirani yake, tunagawana ukuta. Mleta barua alisimama mlangoni kwangu akicheka: "Huyo mwenzako anapika nini humo ndani?" Hakuwa anapika kitu. Joto la nyumba lilikuwa linapita darini na kwenda zake.

Aliyeudhika zaidi alikuwa Mzee Cyril, baba mkwe wake, seremala mstaafu wa miaka themanini na moja. Alihamia kwa mwanawe Stuart na Beverley alipofiwa na mkewe. Miaka miwili baadaye Stuart akamfuata mwanamke mwingine Scarborough, mji wa pwani. Alichukua nguo na gari, akaacha fimbo za kuvulia samaki, ngoma, maboksi ya magazeti, na baba yake. Hapa mtaani hatukujua tuseme nini. Beverley na mzee nao hawakujua, kwa hiyo hawakusema. Walikula pamoja, wakatazama televisheni pamoja, na jina la Stuart halikutajwa.

"Tunawapasha moto kunguru," mzee alisema siku ile, amesimama uani na ndara zake kwenye theluji, akiangalia paa.

"Nitaita fundi," Beverley akajibu.

"Fundi? Nyumba ina seremala, halafu unaita fundi?"

"Baba, juzi ulipanda ngazi kwenda chooni ukasimama mara mbili."

"Nilikuwa nafikiri."

"Ulikuwa unahema."

Wakaelewana hivi: Beverley awe mikono, mzee awe mdomo. Beverley ni mpishi wa shule ya msingi, kwa hiyo kazi ingekuwa ya Jumamosi. Mzee aliweka kiti juu zinapoishia ngazi za ndani, chini tu ya tundu la kupandia darini, akaketi na fimbo yake. Akisikia jambo lisilompendeza, anagonga dari.

"Mguu kwenye boriti," alimwambia kabla hajapanda. "Boriti hadi boriti. Katikati hakuna kitu, ni jipsamu tu, haibebi hata paka."

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya pamba ya kioo, ile inayotandikwa darini kuzuia joto lisitoroke. Beverley alipanda amevaa barakoa na glavu, mikono ya shati ameifunga kwa mpira, na bado alishuka anajikuna shingo kama mwenye upele. Pamba ya zamani ilikuwa imelala, nyembamba, ina mavi ya panya. Akatandika mpya, safu moja katikati ya boriti na nyingine juu yake, imelazwa kukingama boriti. Mimi niliwaazima drili yangu, na ninakiri kwamba nilipunguza sauti ya redio ili niwasikie ukutani.

"Usiikandamize! Kinachozuia baridi ni hewa iliyomo. Ukiibana umeiua."

"Sijaibana, Baba."

"Na kule pembeni usizibe. Paa lazima lipumue, la sivyo mbao zitaoza. Waya wa umeme usiufunike. Chini ya tangi la maji acha wazi, joto kidogo lipande, maji yasigande."

"Nimesikia."

"Umesikia au umefanya?"

"Nimefanya!"

Fimbo ikagonga, safari hii ishara ya kwamba ameridhika, maana kufikia hapo aligonga kwa mambo yote, mabaya na mazuri.

Beverley aliniambia baadaye kwamba zile saa zilikuwa nzuri kuliko alivyotegemea. Yeye juu gizani na taa ya kichwani, mzee chini asiyemwona, walizungumza zaidi ya walivyozungumza mezani mwaka mzima. Mzee alimsimulia mwaka wake wa kwanza wa kujifunza kazi, alipokatazwa kugusa msumeno akawa anafagia tu, na jinsi alivyolia chooni siku aliyopewa ubao wa kwanza akaukata mfupi.

Wiki ya pili mzee akabadilika. Alhamisi alikuja mtu kupima chumba kidogo, kile chenye vitu vya Stuart. Jioni, wakila, Beverley akasema, "Darini kukiwa na sakafu, vya chumba kidogo vyote vinapanda juu. Nataka kiwe kitupu kabla mwezi haujaisha."

Mzee akaomba chumvi. Tangu hapo majibu yake yalikuwa mafupi. Jumamosi ile Beverley aliuliza miguu ya plastiki ya kubebea sakafu iachane kwa kiasi gani. Mzee akasema, "Soma kwenye boksi."

Ile miguu hufungwa juu ya boriti, ili mbao zikae juu ya pamba bila kuigandamiza. Jumamosi ya tatu Beverley alikuwa ameshaifunga yote, sakafu imefika karibu na tangi. Akauliza kitu, hakujibiwa. Akachungulia kwenye tundu: kiti kitupu. Akageuka na ubao mkononi, akisikiliza mzee yuko wapi, na mguu wa kulia ukateleza kwenye boriti, ukatoboa jipsamu, ukazama mpaka pajani.

Kishindo kile nilikisikia mpaka jikoni kwangu. Kisha sauti ya mzee, kutoka chumbani kwake, chini tu ya lile tundu jipya:

"Hicho kiatu ni cha nani?"

"Cha nani tena, Baba? Nisukume!"

"Nilikuambia mguu kwenye boriti."

"Nisukume kwanza, somo baadaye!"

Mzee akausukuma unyayo kwa fimbo. Beverley akajivuta juu, paja limechubuka, akalala kifudifudi juu ya boriti mbili na kuchungulia chini aone hasara. Kitanda cha mzee kilikuwa cheupe kwa vumbi. Katikati ya vumbi kulikuwa na sanduku la nguo, wazi. Mashati yamekunjwa, picha ya marehemu mkewe imefungwa kwa taulo, na pembeni randa yake ndogo ya kazi.

"Unakwenda wapi?"

Mzee alijaribu kulifunga, akaacha. "Kuna nyumba ya wazee kule Brighouse. Wamesema mwezi ujao chumba kitapatikana."

"Nani amekufukuza?"

"Hakuna. Lakini mimi si mjinga, Beverley. Dari inawekwa pamba, chumba kinatolewa vitu, mtu anakuja na futi kupima. Nimefanya kazi kwenye nyumba za watu miaka hamsini. Nyumba inayoandaliwa kuuzwa naijua."

Beverley angeweza kukataa tu, na asingekuwa mwongo. Lakini aliniambia kwamba pale alipolala, uso kwenye tundu, damu inamtoka mguuni, hakuona sababu ya kubakiza neno.

"Yule wa futi ni wa zulia. Nataka chumba cha kushonea. Lakini Oktoba, siku ulipokwenda hospitali kwa ajili ya macho, nilimleta dalali. Nilitaka kuuza."

Mzee akauliza: "Na mimi ungenipeleka wapi?"

"Sikujua. Dalali aliniuliza wanaishi hapa watu wangapi. Nikamwambia wawili, mimi na baba yangu. Akaandika. Alipoondoka ndipo nikagundua nilichosema. Sikumpigia tena."

"Mimi si baba yako."

"Najua. Ambaye ni mwanao yuko Scarborough. Stuart yuko Scarborough, Baba, na hapa tumebaki sisi."

Jina hilo lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba ile kwa miezi kumi na minne. Mzee akakaa kitandani, juu ya vumbi lote lile.

"Ningekuwa wewe, ningenichukia," alisema.

"Kuna siku nakuchukia. Hasa ukitafuna tosti."

Mzee akacheka, vumbi likampalia, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Beverley hakuweza kujua yapi yalikuwa ya kikohozi. Kisha akainua uso. "Haya, shuka ukapake dawa huo mguu. Na upitie ulikopandia. Usipitie kwangu."

Vitu vya Stuart havikupanda darini. Beverley aliamua kwamba hataki kulala chini ya vitu hivyo, akampigia Stuart simu aje avichukue. Alikuja Jumapili moja ya Machi na gari la mizigo. Mzee ndiye aliyempokeza maboksi mlangoni, moja baada ya jingine. Niliwaona kupitia dirisha langu. Mwishoni baba alinyoosha mkono akampangusa mwanawe vumbi begani, na Stuart, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, akasimama apanguswe. Alikunywa nusu kikombe cha chai akaondoka.

Tundu la dari mzee aliliziba mwenyewe, amesimama kitandani huku Beverley amemshika kiuno. Si kazi ya useremala, na kiraka kimevimba. Yeye anasema ni mwanga tu.

Aprili mzee akasema lazima akague sakafu. Tulimwambia hapana, akapanda. Mimi nilishika ngazi, Beverley akampa mkono kutoka juu. Akaketi kwenye mbao, akaweka pima maji yake ya kupimia usawa hapa, akaisogeza pale, mara nyingi.

"Kuna baridi huku," alisema.

"Nimekosea?" Beverley akauliza.

"Hapana. Huku ndiko kunakotakiwa baridi. Joto limebaki chini." Akagonga ubao mmoja karibu na tangi. "Huu umeinuka. Ufungue, uurudie."

"Baba! Ni kidogo tu, hata hauonekani."

"Mimi nimeuona."

Beverley akachukua drili, akaanza kutoa skrubu, ananung'unika. Mzee akasogea mpaka kwenye tundu, akaniangalia mimi chini, kisha akaiangalia ngazi kwa muda mrefu.

"Habari ya kupanda niliipanga," akaniambia. "Ya kushuka ndiyo sikuifikiria."

Kumshusha kulituchukua karibu saa nzima.