Chumba Namba Saba, Saa Kumi Alasiri

Kabla mgeni hajapewa ufunguo katika gesti ya El Reposo, pale Puerto Almagre, Nubia Cardales humsomea masharti bila kuinua macho kwenye mchele anaochambua. Maji hutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili, baada ya hapo ni ndoo. Feni ina spidi moja. Taulo ni moja tu, na inabaki hapa. Malapa ya bafuni yamefungwa kwa mnyororo, kwa sababu binadamu ni binadamu. Kuta hazifiki darini, kwa hiyo jirani akikohoa, mpe pole. Chumba namba saba ni nusu bei kwa kuwa kina kipigo saa kumi alasiri, kila siku, Jumapili pia.

Siku Eudosia Palomeque aliposhuka kwenye boti ya mchana, akiwa na kapu la mikate ya muhogo kichwani, alisomewa masharti hayo hayo.

“Nataka saba,” alisema.

Nubia aliacha mchele. “Mama, umenisikia vizuri? Hicho si kipigo cha utani. Mwezi uliopita muuza nyavu kaacha meno mawili humo.”

“Huyo ndiye aliyenielekeza.”

“Namba nne kina dirisha.”

“Dirisha ninalo kwangu.”

“Haya. Basi jua mawili. Kipigo kinamfuata aliyeandikwa kitabuni. Akija mtu kukutembelea, yeye hakimgusi. Na saa kumi usitoke ukadhani umekuwa mjanja. Kukiwa hakuna mtu humo, nyumba nzima inapata tabu.” Akamsukumia kitabu cha wageni na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Kitabu kilikuwa na nafasi ya jina, namba ya kitambulisho, umetoka wapi na unakwenda wapi. Watu wa Caño Bravo, kijiji cha Eudosia, siku mbili juu ya mto, wamejifunza tangu zamani kwamba katika gesti za bei rahisi mtu hasemi anatoka Caño Bravo. Huandika San Roque. San Roque hakuna kitu ila kanisa na mbuzi, na hakuna aliyewahi kuuawa kwa kutoka San Roque. Lakini Caño Bravo, kwa wale wanaosoma vitabu vya wageni, ni mahali panapowapikia waasi wa msituni.

Deimer, mwanawe Eudosia, alijua hilo kama alivyojua kuogelea. Alikuwa fundi wa mashine za boti, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye kovu kwenye nyusi. Asubuhi alipoondoka kufuata plagi mbili Puerto Almagre alicheka akasema, “Leo nakwenda kuwa mtu wa San Roque.” Siku hiyo Eudosia alikuwa na kiburi, kwa sababu shule ya kijiji ilikuwa imeezekwa mabati mapya. Alimwambia, “Andika kwenu. Hatujamwibia mtu.” Deimer alikuwa mtoto msikivu. Ilikuwa miaka mitatu iliyopita, mwezi wa sita, na plagi hazijafika mpaka leo.

Kisha muuza nyavu akapita Caño Bravo akiwa na alama ya jogoo shavuni, kubwa kama sarafu, na pengo mbele. Alisimulia kwamba katika kipigo kile kuna mtu anayejibu maswali, na siku zote anasema yeye ni fundi tu, kafuata plagi mbili. Eudosia alimpa mkate bure, akaenda kufunga kapu.

Sasa aliandika jina lake kwa herufi kubwa, na chini ya umetoka wapi akaandika Caño Bravo. Nubia aliusoma mstari huo, akafumba macho kidogo, akampa ufunguo.

Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, stuli, kabati lisilofunga na picha ya Moyo Mtakatifu iliyopauka. Sakafu ilikuwa safi kuliko ya vyumba vingine, kwa kuwa husuguliwa kila siku. Eudosia alivua hereni na miwani, akaviweka kwenye kiatu, akakaa kitandani kusubiri.

Saa kumi kamili kofi la kwanza lilimpata shavuni. Lilikuwa la mkono wa kulia, lenye pete. La pili lilimtoa kitandani. Alipokuwa bado hajafika sakafuni buti lilimkuta ubavuni, na jingine likaja upande wa pili kumrudisha.

“Umetoka wapi?” iliuliza sauti ya mwanamume, sauti ya upole, ya mtu anayejaza fomu.

“Caño Bravo, bwana,” ilijibu sauti nyingine kutoka karibu na kabati. “Mimi ni fundi tu. Nimefuata plagi mbili.”

Eudosia aliijua sauti hiyo. Alitaka kusema kitu, lakini stuli ilinyanyuka ikavunjikia mgongoni kwake. Halafu ilikuja koleo, ambayo haikuonekana, ikang'oa kucha ya dole gumba la kushoto, taratibu. Mtu akaukanyaga mkono huo huo na mfupa mmoja ukalia. Umetoka wapi. Caño Bravo, bwana. Damu ilimjaa mdomoni, akaitema chini ya kitanda ili asichafue shuka. Kila pigo lilipotua kwake, alimsikia mwanawe akivuta pumzi, kama mtu aliyepokelewa mzigo.

Kipigo kilichukua muda wa sufuria ya wali kukauka. Mwishoni kitu kizito kiliburutwa kuelekea mlangoni, ufunguo ukazunguka, pakawa kimya.

Nubia alipanda na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, huduma iliyomo ndani ya bei, na stuli nyingine.

“Nyama hufunga ikifika asubuhi, mifupa pia, ili kesho pawe na nafasi,” alisema akimpangusa. “Meno tu ndiyo hayarudi. Na huyo jogoo hafutiki upesi. Sokoni watajua umelala saba, muuza samaki atakupunguzia.”

“Ulikuwepo siku ile?”

“Nilikuwepo.”

“Ulifanya nini?”

“Niliongeza sauti ya redio.” Nubia alikamua kitambaa kwenye ndoo. “Ni mwanao?”

“Ni mwanangu.”

“Kukiwa na mgeni humu, yeye husema tu. Kukiwa tupu, kinampata yeye mwenyewe chote, tangu mwanzo, na analia nyumba nzima inasikia. Wageni hulalamika. Mmoja alidai arudishiwe hela. Ndiyo maana nikaweka nusu bei, mama, nipate wa kulala humu. Sikuwa na lingine.”

Eudosia alimchukia Nubia kwa moyo wote, akaendelea kumshika mkono, kwa sababu alihitaji kuinuka.

Kesho yake, saa tisa na nusu, alifika Don Evelio Barraza. Hufika kila siku saa hiyo. Ofisi yake ni ipi, hakuna aliyewahi kumuuliza. Ni mtu mzima nadhifu, mfuga majogoo wa kupigana, na kwenye kidole cha mkono wa kulia huvaa pete ya dhahabu yenye kichwa cha jogoo. Husoma kitabu cha wageni, hutia alama ya vema pembeni mwa kila jina, hunywa kahawa ya sukari guru, humuuliza Nubia hali ya goti lake.

“Ahaa, Caño Bravo,” alisema. “Siku hizi watu wa huko wote wamehamia San Roque.”

“Mimi naandika kwetu,” alisema Eudosia, aliyekuwa amekaa mapokezi tangu saa nane.

“Vizuri sana. Ukweli unarahisisha kazi.” Alimtazama, akamwona jogoo wake shavuni mwa yule mwanamke. “Kumbe umelala saba. Pole, mama. Weka barafu, usiweke siki, siki inaacha baka.”

“Don Evelio, andika na wewe jina lako. Hapo, chini ya langu.”

Don Evelio alicheka, kicheko kizuri tu. “Mimi husoma, mama. Kuandika ni kazi ya wageni.” Akatia vema.

Hapo Eudosia alifunua kapu. Mkate wa muhogo wa Caño Bravo una harufu ambayo watu wa bandarini huifuata hadi gatini, na hata wale waliokuwa na kijiji hicho kwenye orodha hawakuwahi kuuorodhesha mkate wake. Alisema ana mwingine wa moto chumbani, na kahawa. Don Evelio alitazama saa yake, akasema mara moja moja si vibaya, akapanda ngazi. Nubia aliinua mkono kwenye redio, akaushusha bila kuigusa.

Walikaa kitandani, sahani katikati. Chini ya mto kulikuwa na kisu cha kumenyea muhogo, kile cha mpini wa mbao. Don Evelio alishika kikombe kwa mkono wa kushoto na kuusifu mkate kwa mdomo uliojaa. Saa kumi ilipogonga kanisani, mkono wake wa kulia ulinyanyuka wenyewe na kumpiga Eudosia kofi.

“Samahani,” alisema Don Evelio. “Saa hizi huwa unafanya hivi hata nikiwa nyumbani. Mke wangu amehamishia kiti chake upande wa pili.”

Mkono ulirudi, ukapiga tena. Buti lake moja likaacha sakafu. Mwenyewe alitafuna, akameza, na mdomo ulipopata nafasi ukauliza kwa upole, “Umetoka wapi?”

“Caño Bravo, bwana,” alisema Deimer kutoka karibu na kabati.

Eudosia alikuwa chini. Aliingiza mkono chini ya mto, akakitoa kisu, na kwa nguvu zote za mwanamke aliyekuna muhogo miaka arobaini akamchoma Don Evelio kwenye kifundo cha mkono, pale juu ya pete kidogo, ambapo mishipa hupita. Kisu kiliingia mpaka mpini. Don Evelio aliutazama mkono wake. Haukutoka damu. Ni mkono wa kulia wa Eudosia uliopasuka, mahali pale pale, damu ikaruka hadi kwenye Moyo Mtakatifu.

“Jina langu halimo kitabuni, mama,” alisema Don Evelio bila hasira. Alikichomoa kisu, akakiweka kwenye sahani kwa adabu, upande wa makali ukielekea kwake. Mkono wake ukaendelea na kazi. Stuli ilivunjika. Koleo ilikuja. Alimaliza mkate wa pili.

Kitu kizito kilipokwisha kuburutwa na ufunguo kuzunguka, alitoa leso akaipangusa pete.

“Mlipomtoa hapo mlangoni,” alisema Eudosia kutoka sakafuni, “mlimpeleka wapi?”

“Mwaka gani?”

“Miaka mitatu, mwezi wa sita. Mrefu, ana kovu kwenye nyusi.”

Don Evelio alifikiri kweli kweli. Hakuwa mtu wa kudharau swali. “Mwezi wa sita tulikuwa na kazi nyingi. Mtoni, nadhani. Wengi tuliwapeleka mtoni.” Akakung'uta makombo magotini. “Umetia nini humu, nazi?”

“Jibini.”

“Jibini,” alisema, akatoka akafunga mlango polepole, kama mtu anayeacha mgonjwa alale.

Usiku mbavu zilijifunga na kucha ikarudi. Jeraha la kisu halikujifunga, kwa kuwa kisu kilikuwa cha Eudosia mwenyewe. Vidole viwili vya mkono wa kulia havijakunja ngumi tangu siku hiyo.

Siku ya tatu alirudisha ufunguo na kwenda gatini. Alikuwa amekwisha kujua alichokuja kukijua, na mto ni mrefu, hauchimbwi. Boti ya kwenda juu huondoka saa kumi na nusu. Alikaa juu ya magunia ya chumvi, kapu tupu mapajani, na saa kumi ilipogonga akamsikia.

Ni mitaa miwili kutoka El Reposo hadi gatini, lakini sauti ilifika. Wapakiaji waliendelea kupakia. Mmoja alisema, “Saba leo kiko wazi,” mwenzake akasema ndiyo, inaelekea. Deimer alilia stuli ilipovunjika. Alilia kwa koleo. Alisema ni fundi tu, na mahali ambapo Eudosia, akiwa anapigwa, hakuwahi kusikia kitu, sasa alisikia maneno mengine yaliyokuwa yamefunikwa na mapigo yake mwenyewe.

“Mama ndiye aliyeniambia niandike,” alisema Deimer. “Muulizeni mama.”

Eudosia alishuka kutoka juu ya magunia. Nahodha alimpigia kelele kwamba nauli hairudishwi. Alikwenda akiwa amenyooka, akafika mapokezi, akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto na kuandika jina lake, Caño Bravo, na kwenye nafasi ya unakwenda wapi, ambayo siku ya kwanza aliiacha wazi, akachora mstari.

“Kwa siku ngapi?” aliuliza Nubia.

“Weka mwezi. Ukiisha, weka mwingine.”

Hayo ni ya mwaka juzi. Siku hizi kuna tanuri uani, na Eudosia hukuna muhogo kwa mkono wa kushoto. Saa tisa na nusu Don Evelio husoma kitabu, hutia vema na kuchukua mikate miwili. Kila alasiri, dakika tano kabla ya saa kumi, Eudosia huvua hereni na miwani, akapanda. Amebakiwa na meno sita. Wageni wameisifia El Reposo kwa utulivu wake, hasa alasiri, na vyumba hujaa.

Mgeni anayefika leo ataambiwa kuhusu maji, feni yenye spidi moja, taulo na malapa. Ataambiwa kwamba asubuhi kuna mkate wa muhogo, umo ndani ya bei. Kama uso wake ni wa watu wa juu ya mto, Nubia atamnong'oneza aandike San Roque. Kuhusu kipigo hataambiwa chochote, kwa sababu kina mwenyewe.