Kisigino cha Momina

Ijumaa asubuhi Momina alikuwa amechuchumaa akimkamua mbuzi mweupe, kaka yake Kadafo alipotoka kwenye kibanda cha mikeka akitembea kwa mikono na miguu. Akaulizia chai. Momina akammiminia, akamwekea kikombe chini.

"Naona mgongo umemaliza kuinama," alisema Momina.

"Umemaliza. Jana wageni walikuwa wengi, nimewaeleza kutwa nzima."

Momina hakuuliza amewaeleza nini; ni habari za kisigino. Kisigino kile alikiokota yeye, kiangazi cha mwaka uliopita, alipoteremka korongoni kumtoa mwanambuzi aliyekwama. Kilikuwa kimegeuka jiwe. Alimwonyesha Kadafo kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyemwamini kama yeye. Kadafo akakifunga kwenye kilemba chake, akakipeleka kambini kwa wachimba mifupa, akasema amekiona mwenyewe. Wataalamu wakakigeuzageuza, wakasema mwenye kisigino hicho alisimama wima na kutembea kwa miguu miwili zamani ambazo hazihesabiki. Kadafo akapewa kazi ya kutembeza wageni, na bango lenye jina lake likasimikwa ukingoni mwa korongo.

Ya kambini Momina angeyameza. Lakini Kadafo aliyasema hata kwenye dagu. Waafar wakikutana njiani huketi kwanza wapeane habari, na katika hizo habari hakuna anayethubutu kudanganya. Mwongo akijulikana, hapewi habari tena, na asiyepewa habari hajui mvua imenyesha wapi. Mifugo yake inakufa naye anaitazama. Momina angeweza kumsema siku ileile. Akamhurumia, akanyamaza, akisubiri aseme mwenyewe. Kadafo hakusema, ila kila aliporudia uongo wake mgongo ulishuka kidogo. Mwezi wa kwanza alitazamana na vifua vya watu. Wa tatu alitazamana na magoti.

Mchana ule akaja ami yao Hanfare, mzee wa ukoo. Alimzunguka Kadafo mara moja, kama anayekagua ngamia wa kununua.

"Na kazi je?"

"Kazi ipo, ami."

Momina akaketi mchangani mbele ya kaka yake. "Tupeane habari," alisema. "Kisigino alikiokota nani?"

Kadafo alitazama chini, jambo ambalo sasa halikumsumbua hata kidogo. "Mimi," alisema, na paji la uso likashuka likagusa mchanga.

"Ami, umemsikia. Umemwona."

"Nimemwona. Hata vipofu wa hapa wanajua."

"Basi semeni."

"Kama wote tunajua, binti yangu, tuseme ya nini? Kambi imechukua watu saba wa kwetu kazini kwa ajili ya huyu." Hanfare alijifuta jasho. "Mkatie katambuga za mikono. Changarawe zinaunguza."

Momina alizikata kutoka kwenye tairi kuukuu, akamvalisha mwenyewe, vidole vya kaka yake mikononi mwake, akiwa na uchungu ambao hakujua auweke wapi. Kadafo alimshukuru kwa adabu.

Wageni waliongezeka. Walipenda kuelezwa na mtu wa miguu minne jinsi binadamu alivyosimama. Tena kwa kuwa pua yake ilikuwa karibu na ardhi, Kadafo aliokota taya na mifupa miwili ya paja, safari hii kweli ameiokota yeye, na mgongo haukunyanyuka. Bango la pili likasimikwa.

Kiangazi kilipokaza, Momina alipeleka mbuzi kaskazini. Kisimani akakutana na mwenye ngamia wa chumvi, mtu asiyemjua. Wakaketi. Yule akaanza, naye Momina akawa anaitikia "ee" kila penye kituo, kama inavyopasa.

"Huko Awash kuna Kadafo, aliyeokota kisigino."

"Ee."

"Sasa anatembea kwa minne."

"Ee."

"Ana dada mwenye wivu. Ndiye aliyemfunga mgongo kwa uchawi. Imeamuliwa asipewe habari tena."

Momina aliuliza, "Hiyo umeipata kwa nani?"

"Kwa Kadafo mwenyewe, tumeketi hivi hivi. Alilia sana, maskini. Na wewe ni nani?"

Angeweza kutaja jina lolote. Mbuzi walikuwa na siku mbili tu za kuvumilia bila malisho, na mtu huyu alitoka kwenye mvua. Matope yalikuwa bado hayajakauka miguuni mwa ngamia wake.

"Mimi ni Momina," alisema. "Dada yake."

Yule bwana akasimama, akajikung'uta, akashika kamba ya ngamia wa mbele na kwenda zake.